Makala Ambayo Hukuyaandika

Mwikali, mwaitu,

Nilianza kukuita hivyo, mama yangu, siku ile uliponitajia jina lako maktabani, kwa kuwa ndilo jina la mama aliyenizaa. Wenzako walicheka kumsikia mzee wa mvi akimwita msichana wa mwaka wa pili mama yake. Wewe hukucheka. Ulisema, "Basi mwanangu, nitafutie kitabu," ukavuta kiti ukangoja. Nikajua umelelewa na watu.

Nakuandikia nikiwa nyumbani, Makueni. Mvua ilikuja ikatudanganya, mahindi yamekauka kabla ya kubeba, mbaazi ndizo zinajikokota. Tovuti yetu bado iko hewani. Nalisema hilo mapema kwa sababu najua ndilo ungeuliza kwanza, hata kabla ya kuuliza hali ya mama yako. Iko hewani, lakini nimeamua kuizima, na sitaki uzimiwe kitu chako bila kuelezwa sababu. Unanijua. Siwezi kufanya jambo bila kulieleza.

Siku ya mazishi yako kule nje ya Mwingi, kwaya ikiwa bado inajipanga, mjomba wako aliniuliza ulikuwa ukifanya kazi gani hasa. Nikamweleza kwamba mtu akiandika tasnifu ni lazima mwishoni ataje kila alichokopa amekitoa wapi: nani alisema, mwaka gani, katika kitabu gani, nani alikichapisha. Kila chuo kina mtindo wake wa kuyapanga hayo, nukta hapa, mkato pale, na wanafunzi hulia kwa sababu ya nukta. Wewe ulitengeneza mahali kwenye mtandao ambapo mtu anaandika jina la kitabu, na mashine inampangia marejeleo yake yote sawasawa, bila malipo. Mjomba alifikiri sana. Kisha akasema, "Kwa hivyo alikuwa anahakikisha mwenye maneno anajulikana." Nikamwambia ndiyo. Sijasikia mtu akieleza vizuri zaidi, na mimi nimefundisha somo hilo tangu nikiwa na nywele nyeusi.

Unakumbuka yule mwanafunzi wa historia aliyetoka kuwahoji akina mama wazee vijijini Kitui? Alileta orodha yake hapo chuoni, Kwa Vonza, tukaisoma pamoja. Kwetu mwanamke akishazaa haitwi jina lake, ni utovu wa adabu. Anaitwa Mama Kioko, Mama Mutua. Mashine ikachukua jina la mwisho kama ilivyofundishwa, ikalitanguliza, na lile la kwanza ikalikata likabaki herufi moja. Mama Mutua akawa "Mutua, M." Wazee wote wa kike wa kijiji kizima walikuwa wamegeuka kuwa wana wao wa kiume! Nilicheka hadi nikavua miwani. Wewe ulisema, "Mwalimu, hiki si kichekesho. Tumewafuta."

Wiki hiyo hiyo uliongeza kisanduku kwa ajili ya mahojiano: jina lake mwenyewe ni nani, na ni wa mbai gani, kwa maana bila ukoo Mkamba hajatambulishwa. Ukiacha wazi, mashine inakataa. Wanafunzi walikulaani. "Mwalimu, ambia huyo dada aache ukali, mimi sirudi Mutitu kwa sababu ya jina." Lakini walirudi. Mmoja alitusimulia kwamba bibi mmoja alicheka mpaka akaomba maji, akasema, "Tangu nizae hakuna mtu ameniuliza hilo. Andika Kalunde. Na uandike vizuri."

Hiyo ndiyo siku niliyoelewa unafanya nini. Nilikuwa nimedhani ni mambo ya nukta.

Halafu figo. Sitaki kuyarudia. Nakumbuka tu ukiwa umeunganishwa na ile mashine nyingine, ya kusafisha damu, kule Kitui, kompyuta mapajani, ukijibu malalamiko ya wanafunzi kwa mkono mmoja. Muuguzi alikuambia, "Dada, hiyo kompyuta ndiyo itakumaliza," nawe ukamjibu, "Hapana, sista, hii ndiyo inanipitishia saa." Nikiwa nimeketi kando yako ulinifundisha kuingia ndani ya tovuti, kubadilisha vitu vidogo, kuona kama inapumua. Nilikuwa mwanafunzi mzito. Ulinivumilia. "Mwalimu, wewe ni mtu wa kadi za maktaba na droo," ulinitania. Na kanuni yako ilikuwa moja: "Ukiona herufi nyekundu, usiguse kitu. Nipigie."

Sasa ni nyekundu tupu, mwaitu.

Wenye miongozo ya mitindo ya marejeleo walitoa toleo jipya, na mitindo yetu ikabaki ya zamani. Maktaba kubwa za mtandaoni ambako mashine ilikuwa ikichota majina ya vitabu zilibadilisha milango yake, mashine ikawa inabisha na kurudi mikono mitupu. Nilijaribu. Nilinunua miwani mpya nikaketi na msimbo wako kama mtu anayesoma maandiko ya lugha ngeni. Niligusa mkato mmoja katika mtindo mmoja, mwaka ukatoweka katika mitindo yote. Niliurudisha mkato, mwaka ukarudi. Sijui kwa nini ulitoweka wala kwa nini ulirudi, na mtu asiyejua hayo hatunzi kitu, anakilinda tu kisianguke leo.

Nilikwenda kwa kijana mmoja wa kompyuta pale mjini Wote, ana duka karibu na stendi. Alitazama kwa heshima. Akasema, "Mzee, kazi ni safi. Lakini hii nani anatumia siku hizi?" Hakuwa na kiburi. Alikuwa ananijibu.

Ngoja nikueleze wanatumia nini, kwa maana ulikwenda kabla mambo hayajawa hivi. Kuna programu zinazojibu maswali kama mtu. Mwanafunzi anaiomba vyanzo kuhusu jambo fulani, inampa vyanzo vitano, kila kimoja na mwandishi, mwaka na jarida. Vingine vipo. Vingine havipo kabisa. Haidanganyi kama mtu anavyodanganya, kwa sababu haijui kwamba inasema uongo. Inapanga pamoja maneno ambayo kwa kawaida hukaa pamoja. Kisha mwanafunzi mwangalifu, yule anayetaka nukta zikae sawa, anavileta kwetu, anaviingiza kwa mkono, na mashine yako inavipiga pasi na kuvikunja. Vinatoka vimenyooka kuliko vya kweli.

Chuo bado kinaniletea tasnifu niangalie marejeleo kabla hazijapelekwa kwa watahini. Mwaka huu ilikuja moja kuhusu masimulizi ya wanawake wa Kitui. Nilikuwa nikiteremka kwa kidole kama kawaida yangu, na kidole kikasimama juu ya jina lako. Makala ya kurasa nyingi, kuhusu majina ya akina mama katika utafiti wa masimulizi. Jarida ninalijua, lipo. Na mwaka ni wa baada ya kukuzika.

Mwikali, nilifurahi. Nataka ujue hilo kabla ya mengine. Nilijiambia uliyapeleka ukiwa kitandani bila kuniambia, ili unishtukize. Majarida huchelewa, wakati mwingine mwandishi hutangulia. Mada ilikuwa yako kabisa. Hata kichwa kilikuwa na sauti yako. Nilitafuta mtandaoni, sikuona, nikasema ni mtandao wa huku kwetu. Nikamwandikia mhariri. Na kabla hajajibu nikampigia mama yako, kumuuliza kama kuna karatasi zako mahali.

Akauliza, "Mwalimu, kwani ameandika tena?"

Nikamwambia inaonekana hivyo.

Jumapili iliyofuata alisimama kanisani, baada ya matangazo, akashukuru kwamba kazi ya mwanawe imetoka. Nimeambiwa waliimba. Mchungaji alikutaja katika maombi. Wanawake wa ushirika walikwenda nyumbani na sukari na unga, kama vile umezaa.

Mhariri alijibu kwa adabu. Makala hayo hayapo. Hawajawahi kupokea chochote chenye jina lako.

Nilimtafuta mwanafunzi. Si mtoto mbaya. Alitoa simu akanionyesha mahali programu ilipompa makala hayo, pamoja na mengine ya kweli. Nikamuuliza kama aliyasoma. Hakuyasoma. "Lakini Mwalimu," akasema, "si niliyaweka kwa mashine yenu na ikakubali?"

Ikakubali. Ile iliyomkatalia mtu hadi arudi Mutitu kuuliza jina la bibi. Kisanduku chako kilikuwa kwenye mahojiano tu. Kwenye makala mashine haikuuliza kitu. Iliona jina, mwaka na kichwa, ikasema sawa.

Nilikwenda Mwingi mwenyewe, kwa sababu jambo kama hilo halisemwi kwa simu. Mama yako alikuwa ameniwekea kiti nje. Nilimweleza polepole. Aliuliza, "Kwa hivyo ni nani aliandika?" Nikasema hakuna. "Kitu kimeandikwa na hakuna mtu aliandika?" Nikaeleza tena, kwa njia nyingine, halafu nyingine, nikatoa mifano, jinsi nilivyozoea darasani. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanimiminia chai, akasema, "Sawa, Mwalimu. Lakini usiwaambie watu wa kanisa." Sijawaambia. Kule kwenu, watu wanajua kwamba uliandika makala ukiwa umekwenda, na wanamshukuru Mungu.

Najua ulitaka kuiongezea mashine uwezo wa kuuliza kama kitu kipo kabla haijakipanga. "Kwanza kiwepo, ndipo tukivishe," ndivyo ulivyosema, na ukaanza. Nimeiona sehemu hiyo. Inaanza vizuri hata kwa macho yangu, kisha inaishia katikati ya mstari, na chini yake ni peupe. Nimeitazama mara nyingi kuliko inavyomfaa mzee. Hata ningepata wa kuimalizia, ingehitaji kutunzwa kila mwezi, na mwenye kuitunza ni mimi.

Ndiyo sababu naizima. Muda wa kuilipia seva ukiisha sitauongeza. Nilidhani kuna kitu cha kuokoa kwanza, nikatafuta, nikakumbuka kwamba haikuhifadhi chochote. Ulitaka hivyo, ili yale wanayoambiwa wanafunzi vijijini yasibaki mikononi mwetu. Ulikuwa sahihi. Kwa hiyo ikizimwa hakuna kitakachobaki, isipokuwa marejeleo iliyopanga, yaliyo ndani ya tasnifu zilizo kwenye rafu, ambazo hakuna anayezishusha. Humo Kalunde yupo kwa jina lake. Humo wapo pia wale ambao hawajawahi kuwepo, na kwa kuwatazama huwezi kuwatenganisha.

Na makala yako nimeyakuta tena. Tasnifu nyingine, mwanafunzi mwingine, ameyatoa kwa yule wa kwanza bila kuyatafuta. Baada ya hapo nyingine tena. Wanakunukuu, mwaitu. Mmoja ameandika kwamba unasisitiza jambo fulani, na jambo lenyewe ni upuuzi, usingelisema hata ukiwa na homa.

Zamani nilikuwa na neno la kumfariji mtu aliyefiwa na mwandishi. Nilikuwa nikisema kwamba maneno yake yatabaki. Silisemi tena.

Kwa hiyo nakuaga kwa ahadi ndogo, kwa kuwa kubwa sina. Kila tasnifu itakayopita mikononi mwangu, nikiyakuta makala hayo, nitayakata kwa kalamu, na pembeni nitaandika kwamba Mwikali hakuyaandika. Mara ya kwanza mkono ulikataa, ilibidi nitoke nje nizungukezunguke shambani kwanza. Siku hizi haukatai. Nitakuwa mtu anayefuta jina lako, mimi niliyelifurahia, na makala hayo yatatokea mahali nisipoyaona, katika chuo nisichokijua, na baada yangu hakuna atakayeyakata.

Pumzika. Nitafuta ninachokiona.

Mwalimu wako