Picha ya Mtamba Niliyoipiga Kutoka Huku Ng'ambo

Jumamosi, jioni. Asubuhi kulikuwa na wingu zito nikadhani mvua itatufungia wote ndani. Haikunyesha. Mchana jua likawaka mpaka mabati yakawa yanalia. Sasa nimekaa mlangoni pa chumba changu hapa Nyansurura. Kichwa kimetulia.

Nilipanga leo niandike kuhusu simu. Wasomaji wangu wachache mmekuwa mkiniuliza: ile simu ya daraja la juu uliyoifuata Sirari, inafaa au umetupa hela? Nitajibu. Ila jibu la leo si lile ambalo ningelitoa juzi.

Kwa msionijua, mimi ni karani katika duka la pembejeo. Napokea mbegu na mbolea, naandika risiti, nafunga jioni. Nikishafunga, narudi kushika kufuli, kisha narudi tena. Ndivyo nilivyo. Kwetu Tarime kijana hasemi kwamba anaogopa, kwa hiyo nasema hapa.

Simu nimeinunua kwa akiba ya muda mrefu. Mwita, shemeji yake mama mwenye nyumba wangu, alipoishika mara ya kwanza aliigeuza geuza, akaniita kijana kwa Kikurya: "Mura, umebeba ng'ombe wawili mfukoni. Na maziwa hawatoi."

Nianze na sifa, maana ninazo za kutosha. Kioo kinasomeka juani, hata saa saba mchana nikiwa nahesabu mifuko nje. Chaji ya asubuhi inafika kesho yake. Mtandao inaushika pale nyuma ya duka ambapo simu nyingine zinatafuta tu. Imenyeshewa, imefutwa, imeendelea na kazi. Hayo nayasema bila wasiwasi wowote.

Kasoro zake pia nazijua. Ni nzito, inavuta mfuko wa shati. Haina mahali pa kuweka kadi ya kumbukumbu, wala tundu la spika za masikioni, wala redio. Mgongo wake ni kioo kinachoteleza kama sabuni. Vumbi la mbolea likikaa kidoleni, haikutambui wala haifunguki. Inakutazama kama mgeni.

Lakini iliyonifanya niinunue ni kamera. Inavuta mbali. Inavuta mbali sana.

Mama Bhoke, mama mwenye nyumba wangu, alipotelewa na mtamba wake Alhamisi. Mwekundu, uso una baka jeupe, paja la kulia lina chapa ya herufi N, ya marehemu mume wake. Ana mimba. Ndiye ng'ombe pekee aliyebaki katika boma lile, na Mama Bhoke alikuwa ameshapanga kwamba akizaa tu, binti yake Bhoke anaanza kidato cha tano bila kumpigia mtu magoti.

Jana alasiri nilisimama nyuma ya duka nikaelekeza simu ng'ambo ya korongo, kwenye mteremko wa kijiji cha jirani. Kwa macho niliona nukta nyekundu kwenye majani marefu. Nikavuta mara hamsini. Nukta ikawa ng'ombe. Uso una baka jeupe. Pajani, herufi N, safi, kana kwamba imepigwa jana.

Sijawahi kukimbia hivyo tangu shule ya msingi.

Mama Bhoke aliishika simu kwa mikono miwili akalia. Mwita akanipiga mgongoni: "Karani! Kumbe hawa ng'ombe wako wawili wanatafuta mwenzao!" Nilifurahi, sitaficha. Nikamrushia Mwita picha, akawarushia wengine, na hadi jioni ilikuwa kwenye simu ya kila kijana wa kitongoji. Katika picha ile kulikuwa pia na mchungaji, mzee mwenye koti, amesimama karibu na ng'ombe.

Leo asubuhi, nikiwa na chai mkononi, niliifungua tena ili nijisifu kidogo peke yangu. Nikamtazama yule mzee. Nikaona vidole vyake havikuishia popote. Vilikuwa vimeyeyukia kwenye fimbo. Uso ulikuwa na macho, pua na mdomo, lakini haukuwa uso wa mtu. Ulikuwa kama uso uliochorwa na mtu aliyeambiwa tu kwamba watu wana nyuso.

Chai ilipoa mkononi.

Nilikuwa nimewahi kusoma kuhusu jambo hili nikalipita. Ukivuta mbali kupita uwezo wa lenzi, simu haioni tena. Inakisia. Akili mnemba iliyomo ndani inachukua ukungu na kuujaza kwa vitu inavyodhani vinafaa kuwapo. Kama imekisia vidole vya mzee, nani aliyeandika ile N?

Nje nikasikia sauti. Mwita na vijana kama kumi, kila mmoja na fimbo, wengine na zaidi ya fimbo. Walikuwa wanavuka kwenda kumchukua mtamba, na kumchukua "mwizi" pia. Ushahidi wao ulikuwa picha yangu.

Ningeweza kubaki ndani. Duka la Jumamosi lina kazi, hakuna ambaye angeniuliza. Lakini nilijua nikibaki, kila kitakachotokea ng'ambo ile kitakuwa kimetoka kwenye mfuko wangu wa shati.

Nikatoka. Nikasema picha si ya kuaminika.

Mwita alicheka kwanza. "Jana ilikuwa ya kuaminika, leo imelala vibaya?"

Kijana mmoja akadakia, "Mwacheni, suruali yake imeanza kutetemeka kabla yake." Wakacheka wote. Ilikuwa kweli.

Mwenyekiti wa kitongoji, Tata Chacha, alikuwa amefika naye. Ni mzee asiyepandisha sauti. Nilimwamkia, kisha nikamwomba dakika moja tu. Ng'ambo ile ile, umbali ule ule, kuna ukuta umeandikwa kwa rangi kubwa MASHINE YA KUSAGA. Hakuna mtu hapa ambaye hajapeleka mahindi pale. Nikauvuta mara hamsini, nikapiga, nikampa Mwita simu.

"Soma," nikamwambia. Sijui sauti ile niliitoa wapi.

Akatazama. Herufi zilikuwa zimenyooka, nyeusi, nzuri kuliko zile za ukutani. Lakini hazikuwa maneno. Hata herufi zenyewe, nyingine hazimo katika lugha yoyote niliyofundishwa. Simu ikapita mkono kwa mkono. Kijana wa suruali akajaribu kusoma kwa sauti, akatoa mlio kama wa mtu aliyemeza maji ya moto, na safari hii kicheko kilikuwa cha namna nyingine.

Nikasema, "Imeona kwamba kuna maandishi, haikuyaona maandishi. Na pajani kwa ng'ombe imefanya hivyo hivyo."

Tata Chacha akaamua. Fimbo zibaki. Wataenda yeye na Mama Bhoke, kuuliza kama watu wanavyouliza. Kisha akanigeukia: "Na wewe karani, twende. Macho uliyonayo usoni bado yanafanya kazi."

Tulishuka korongo, tukapanda. Yule mzee wa koti alitukaribisha, akasikia shida yetu, akasema pole, akatupeleka mwenyewe mpaka kwenye ng'ombe. Baka jeupe lipo. Pajani palikuwa na tope lililokauka na kupasuka. Hakuna chapa. Mama Bhoke akamzunguka, akainama kidogo, akaanza kucheka mpaka akakaa chini kwenye majani.

Alikuwa dume.

Kwenye picha majani yalimfika tumboni, na mimi nilikuwa natazama paja tu. Mwita alipopata habari alisema simu yangu ifunzwe kwanza kutofautisha jike na dume, ndipo ipewe kazi ya polisi. Nitaisikia hiyo kwa mwaka mzima. Na isemwe tu.

Mtamba wa Mama Bhoke bado hajapatikana. Kicheko chake kiliishia kule kule. Mzee wa koti ameahidi kuwauliza wachungaji wake hadi upande wa Machochwe, na Mwita na vijana wamegawana njia za kutafuta. Hiyo ni kazi ya miguu.

Basi, jibu langu kuhusu simu. Siiuzi. Ni simu nzuri, na nitamwambia hivyo yeyote mwenye akiba na subira. Picha za karibu ziamini. Mara tano, mara kumi, ziamini. Zaidi ya hapo, furahia mwezi na ndege, lakini usimtaje mtu kwa jina. Kasoro kubwa ya simu hii ni kwamba haijui kusema "sijaona". Mimi nilikuwa nayo hiyo hiyo jana.

Jioni hii nimewaandikia wote niliowajua wana ile picha, waifute, na wote wamenijibu. Lakini kijana mmoja alikuwa ameshaipeleka kwenye kundi la Mugumu, ikiwa na maneno "mwizi huyu hapa", na kutoka Mugumu sijui imefika wapi. Koti lile linatambulika hata kama uso si wake. Na leo, pale bomani kwake, tuliuliza habari za mtamba tu. Hakuna aliyemwambia kwamba usiku mzima aliitwa mwizi kwa sababu yangu.

Sitaki aisikie kwa mtu mwingine mnadani. Kesho asubuhi navuka korongo tena, peke yangu, nimwambie mwenyewe na nimwonyeshe picha.

Uamuzi nimeshaufanya, na hofu haijaubadilisha. Kinachonisumbua ni kimoja tu: baada ya shikamoo, ninaanza na neno gani?