Naliaka wa Kuazima

Bahati,
9 Februari 2025

Nico wangu,

Uko aje huko? Unakula? Sisi huku Bahati tuko salama. Baba anakohoa kama kawaida yake na anakataa dawa kama kawaida yake. Barua hii ameibeba Trizah, yule mpishi wa hicho Kituo cha Mapumziko walikokufungia, ambaye kwao ni hapo Rhonda, nyuma ya karakana uliyokuwa ukifanyia kazi. Amehatarisha kazi kwa ajili yetu, kwa hivyo ukishaisoma itafune umeze. Sitanii.

Jumamosi nilifika langoni Longonot. Nikaambiwa mtu anayepumzishwa hapokei barua ila ya ndugu wa damu. Nikamuuliza askari, "Na mchumba je?" Akacheka. "Siste, mchumba si ndugu. Mchumba ni mtu tu." Nilitaka kumpiga na kiatu, lakini ndicho kiatu nilichokuwa nacho cha kurudi nyumbani.

Mama yako ndiye aliyepata njia. Unajua kabla yenu alikuwa na binti, Naliaka, aliyezaliwa wakati wa palizi akafariki kabla hajatambaa. Kifo chake hakikuandikishwa popote, na huko kwa wakubwa bado anahesabiwa kuwa hai. Mama alinishika mikono akasema, "Chukua jina lake, mwanangu. Yeye hakulitumia sana." Basi kuanzia leo mimi ni dada yako. Mimi Chesang, niliyeitwa hivyo kwa sababu nilizaliwa nje mama akitoka kukamua, sasa nimezaliwa upya shambani kwa Wabukusu, jembe likiwa mkononi. Usicheke. Nakuona unavyocheka.

Wenyewe wanasema mnapumzishwa. Huku mtaani watu wanasema mnafuliwa. Wanasema mnaondolewa kumbukumbu ya siku ile moja tu, siku watu wa Rhonda walipotoka kudai mabomba ya maji yafunguliwe wakapigwa risasi, na Quincy mdogo wako akaangukia miguuni mwako. Lakini Kipngeno wa hapa kwetu alirudi kutoka huko akamkaribisha mke wake mwenyewe chai, akamuuliza ametoka wapi. Naogopa, Nico. Kama ni lazima watoe, watoe siku hiyo. Mimi usinitoe.

Mpenzi wako, na kuanzia leo dada yako,
Chesang

~

Kituo cha Mapumziko, Longonot,
2 Machi 2025

Dada yangu mpendwa Naliaka,

Pokea salamu za mdogo wako mtiifu. Mimi ni mzima wa afya, sijui wewe na mama na huyo mzee wa kukohoa. Nilipopata barua yako ya pili hapa langoni nilifurahi hadi msimamizi akaniuliza kuna nini. Nikamwambia, "Boss, ni dada yangu. Anagomba hata kwa maandishi."

Hapa si pabaya vile. Tunalala vizuri, chai ina maziwa. Asubuhi unakalishwa kwenye kiti, unapewa kinywaji kichungu kama mwarobaini, halafu mtu mmoja mpole sana anakuambia, "Hebu nisimulie." Unachosimulia ndicho kinachoondoka. Usichosema kinabaki nawe. Basi nimekuwa bubu, mimi niliyekuwa nikiongea hata na vyuma vya kuchomelea.

Kwa Quincy walinipata. Yule mtu aliniuliza kwa upole, nikajikuta nimeanza, na nikianza unanijua. Sasa najua nilikuwa na mdogo wangu kwa sababu picha yake iko kwenye pochi. Nikiitazama naona kijana amevaa jezi. Natafuta kilio, sikipati, na hilo linaniuma kuliko kilio chenyewe.

Msalimie yule rafiki yako wa Bahati, ambaye nilimwekea baba yake lango likafungukia nje, ng'ombe wakaliegemea tu wakatoka wote hadi barabarani. Mwambie bado nacheka peke yangu. Mwambie hajatoka mdomoni mwangu na hatatoka.

Mdogo wako,
Nico

~

Rhonda, kwa mama,
16 Machi 2025

Kwa ndugu yangu Nico,

Habari za siku? Mama anakusalimia, magoti yanamsumbua lakini anauza sukuma wiki kama kawaida. Nimehamia kwake kwa muda, ndio barua zitoke Rhonda inavyostahili. Ananiita Naliaka mbele ya majirani, na juzi aliniita hivyo tukiwa wawili tu.

Nilimpa rafiki yangu wa Bahati salamu zako. Huyo msichana ana kiburi, unamjua. Anasema lango lile baba yake hajalibadilisha, amelifunga kwa kamba, na kila jioni akiifunga anakutukana kwa majina ambayo siwezi kuyaandika hapa. Anasema pia kwamba wewe ndiye mwanamume wa kwanza aliyekosea kazi mbele yake akasema "nimekosea" bila kutafuta wa kumlaumu, na hapo ndipo alipokwisha.

Lakini sikiliza, nasema kama dada mkubwa. Mambo ya rafiki yangu ni ya kuandika, si ya kusimulia. Kwenye kiti ongea kuhusu mpira. Ongea kuhusu bei ya vyuma. Wape kila kitu usichokihitaji. Wewe una domo, Nico, na ninalipenda domo lako, lakini naomba ulifunge.

Dada yako,
Naliaka

~

Kituo cha Mapumziko, Longonot,
27 Aprili 2025

Dada mpendwa,

Salamu nyingi kama mchanga wa Longonot. Natumaini barua hii itakukuta mzima pamoja na mama. Usinikasirikie kwa kukawia. Kuna siku nyingi nilikuwa nalala tu.

Sasa najisikia vizuri. Msimamizi anasema nimepiga hatua kubwa. Anasema asubuhi moja nilicheka kwenye kiti hadi machozi, nikawasimulia kisa cha ng'ombe waliotoka langoni. Waliniuliza, "Na huyo mwenye ng'ombe ana watoto?" nikaendelea kuongea hadi saa ya chakula. Sikumbuki ni ng'ombe gani. Lazima kilikuwa kichekesho kweli.

Nimezisoma tena barua zako na kuna jambo sielewi. Huyu rafiki yako wa Bahati ni nani? Unamwandika kama mtu ninayemjua. Kama unanitafutia mchumba sema tu, usizunguke! Lakini mimi watu wa Bahati siwajui.

Nikuambie ukweli, dada, vitu vingi vimeondoka na sijui nikutajie kipi, maana sivijui. Wewe ndiye umebaki. Nikifunga macho naisikia sauti yako ikinigombeza. Juzi nimekumbuka ukinibeba mgongoni tukienda kuteka maji, mimi nikiwa mdogo, nikikuvuta nywele. Nilimweleza msimamizi kwamba kumbukumbu hiyo sitaki iguswe, akakubali. Asante kwa kunilea.

Mdogo wako anayekupenda,
Nico

~

Rhonda,
4 Mei 2025

Nico,

Sikuulizi hali. Trizah amekubali mara moja tu, kwa hivyo sina nafasi ya salamu.

Mimi si dada yako. Sikukubeba mgongoni. Mwaka huo unaoukumbuka mimi nilikuwa Bahati nikichunga ndama, na wewe hukujua kama nipo duniani. Naliaka alikufa mchanga. Jina lake niliazima kwa mama yako ili wakuruhusu kusoma barua zangu, na ukakubali, na ukacheka.

Naitwa Chesang. Wewe ni mpenzi wangu. Ulikuja kuweka lango kwetu ukaliweka vibaya, ukarudi kulirekebisha mara tatu, na mara zote tatu hukulirekebisha, kwa sababu hukutaka liishe. Ulisema hivyo mwenyewe tukiwa tumeketi juu ya mawe ya baba ya kujengea, mikono yako ikinuka chuma. Ulisema ukipata karakana yako mwenyewe utakuja na mama yako kwetu kuniposa. Nilikuambia uje bila karakana. Mimi nilikubusu kwanza, kama unataka kujua, maana wewe ulikuwa bado unaongea.

Nina hasira na wewe. Ng'ombe, Nico! Umeniuza kwa kisa cha ng'ombe! Na tena najua hukukusudia, kile kinywaji ndicho kilichoongea, na hiyo ndiyo inanimaliza, kwa sababu sina wa kumchapa. Ninakupenda. Nisome mara mbili, nisome kwa sauti chooni, kisha useme jina langu polepole uone kama hakuna kitu chochote ndani yako kinachogeuka.

Si dada yako,
Chesang

~

Kituo cha Mapumziko, Longonot,
11 Mei 2025

Dada mpendwa Naliaka,

Habari ya mama na yako? Nakuandika kwa haraka kwa sababu kuna hatari.

Kuna mtu anatumia mwandiko wako. Alinitumia barua kupitia jikoni, anajiita Chesang, na ameandika mambo ambayo sitaki uyasikie. Anasema wewe ulikufa ukiwa mtoto. Anasema alinibusu. Dada, anaigiza hata namna unavyogomba! Usiku sikulala, nikafikiria kama mtu huyu ana barua zako basi anajua unakoishi.

Nilifanya alichonifundisha msimamizi. Nilimpelekea barua hiyo pamoja na zako zote ili walinganishe maandishi. Walinishukuru sana. Trizah hayuko tena jikoni. Wameniahidi watatuma watu Rhonda wakulinde, kwa hivyo wakibisha hodi usiogope, fungua.

Nilijaribu kulisema lile jina polepole, kama alivyoandika. Sikusikia kitu. Niliona nikuambie ili utulie.

Mdogo wako,
Nico

~

Rhonda,
14 Mei 2025

Nico,

Natumaini unakula. Wamebisha hodi. Wako sebuleni na mama, wanakunywa chai yake, na wameniruhusu niandike mistari michache kabla ya kuondoka. Nakuja huko ulipo, ila upande wa wanawake, na nasikia kuna ukuta katikati.

Ulifanya hivyo kwa kunipenda. Hilo nimelielewa na bado lina uchungu. Mimi sina domo kama lako. Nitawasimulia shule, nitawasimulia ndama wote mmoja mmoja, nitawapa hata mama yangu mzazi wakimtaka. Wewe sitakutoa.

Nimeambiwa nitie sahihi kwa jina ambalo barua hizi zimekuwa zikibeba.

Dada yako,
Naliaka

~

Rhonda,
19 Oktoba 2025

Mdogo wangu mpendwa Nico,

Salamu kutoka nyumbani. Mimi sijambo kabisa, na ni matumaini yangu kwamba hapo Longonot kazi ya kuchomelea inakwenda vizuri tangu ulipotolewa Kituoni. Mvua imenyesha na maji yamerudi kwenye mabomba siku mbili kwa wiki, tunashukuru.

Hongera kwa habari za uchumba wako na Mugure. Umeniomba nije kwao Desemba nisimame kama dada mkubwa upande wetu, na nimefurahi mno. Nitakuja. Nimeshanunua kitambaa, na kuhusu maneno ya kusema usijali, nitajua la kusema nikifika. Mwambie Mugure nimempenda kabla ya kumwona.

Naambiwa nilikuwa mkaidi huko Kituoni, nilikaa kimya wiki kadhaa. Sikumbuki. Nakumbuka tu kwamba siku moja niliongea, nikatoka nikiwa mwepesi, nikapewa kitambulisho kipya na nikaletwa hapa nyumbani kwetu. Mwezi uliopita alikuja mzee mmoja kutoka Bahati, anakohoa vibaya, akasimama mlangoni akisema mimi ni binti yake. Nilimpa maji na nauli ya kurudi. Huruma, wazee wengine hawana mtu wa kuwaangalia.

Sasa jambo la mama. Ninakuandikia kwa sababu wewe ndiye mwanamume wa nyumba hii. Mama hayuko sawa. Kila nikimwita mama analia. Ananishika uso ananiita Chesang, ananiambia habari za lango na za wewe na mimi, mambo ya aibu ambayo mzazi hawezi kusema kuhusu watoto wake. Nimevumilia. Juzi alianza kuwaambia wateja wa sukuma kwamba yeye ndiye pekee aliyebaki anayejua, na kwamba Naliaka wake amezikwa chini ya mgomba huko nyumbani Bungoma. Nilimjibu, "Mathe, mimi niko hapa, niguse." Akanigusa, akalia zaidi.

Basi nimeongea na watu wa Kituo. Walikuwa wapole, wakasema nimefanya vyema kuwaambia mapema. Watakuja kumchukua Jumatatu asubuhi. Nimemfungia sweta mbili na ile leso yake nzito, maana huko kuna upepo. Kama una nafasi pita pale langoni umsalimie, wewe ni ndugu wa damu, watakuruhusu.

Dada yako anayekupenda,
Naliaka