Kwa Baba Vjekoslav, Mwokaji Aliyeacha Ngano

Baba, leo mwaka umetimia tangu ututoke, asubuhi ile ya Jumapili hapa Požega, matufaha yakiwa bado mtini.

Miaka arobaini na moja uliwaokea watu mikate. Watoto wa shule walipita dirishani kwako, na hakuna aliyeondoka mikono mitupu.

Daktari alipotuambia kwamba tumbo la mjukuu wako, Tena, haliwezi ngano, ulicheka. "Mjukuu wa mwokaji akatae mkate? Nani kamroga?" Ukampa andazi kwa siri. "Moja haliui, mchumba."

Alilazwa siku tatu. Ulisimama mlangoni pa wodi, kofia mkononi, ukashindwa kuingia, mpaka mwenyewe akakuita: "Babu, njoo basi! Mgonjwa si mimi?"

Uliporudi nyumbani uligawa unga wote wa ngano. Ukasugua jiko, ukanunua karai jipya, ukaanza kujifunza upya kukaanga vipande vya matufaha vilivyochovywa kwenye rojo lisilo na ngano, nawe una miaka sabini na mbili. Matufaha ya kwanza yaliachana na rojo humo humo kwenye mafuta. Ya pili yakawa magumu. Mama akakutania: "Mzee, meno yenyewe yameshakwisha, unatukaangia kokoto?" Hukununa. Ulichanganya na kumwaga wiki nzima, hadi ukapata: unga wa mchele, wa mahindi kidogo, mayai na mtindi, kisha rojo lipumzike kwanza.

Siku ya Komunyo ya Kwanza ya Tena ulikaanga sinia nane. Hakuwekewa sahani yake pembeni. Wageni wote walikula alichokula yeye. Alipogombania kipande cha mwisho na binamu zake, ulijifuta macho kwa aproni, ukasingizia moshi.

Tulipokuzika, majirani walijaza meza keki, zote za ngano. Tena alikaa mbele ya sahani tupu, macho makavu, kama alivyokuwa tangu ulipofariki. Ndipo akaingia Reza, mjane wa nyumba ya pili, na bakuli lililofunikwa kitambaa. Lilikuwa la moto.

"Marehemu alinifundisha," alisema. "Aliniambia, 'Reza, siku nisipokuwepo, mtoto asikose.'"

Tena alichukua kipande kimoja cha tufaha, akakiuma, na hapo ndipo alipolia.

Tunaokukumbuka ni mkeo Ankica, mwanao Hrvoje, mimi binti yako Jadranka na mume wangu Mato, na mjukuu wako Tena.

Hutatoka mioyoni mwetu, Baba, siku zote tutakazoishi.