Mkeka wa Kriketi

Jumapili, Chang'ombe

Jina langu halipo. Nimeisoma orodha ya wachezaji mara tatu pale mlangoni pa duka inapobandikwa, nikidhani macho yananidanganya. Jumamosi tunacheza na Morogoro hapa nyumbani, na nafasi yangu kapewa mpwa wa mfadhili wa timu, mtu anayeshika gongo la kriketi kama mchi wa kutwangia.

Miaka kumi na moja nimeichezea timu ya mkoa bila malipo. Shirika letu likauzwa, kazi ikaisha, bado nikacheza.

Sawa, mfadhili kaleta jezi mpya, na siku hizi mwenye nacho ndiye mwenye sauti. Lakini sahihi iliyo chini ya orodha ni ya Karim. Nahodha wetu. Rafiki yangu, ambaye kila mchezo tumeuanza pamoja, yeye na gongo lake upande huu wa uwanja, mimi na langu ule.

Jioni akapiga hodi. Nikajua kaja kuniomba radhi. Mke wangu akamimina chai.

Hakukaa. "Kaka, nimefuata mkeka."

Mkeka wa katani, ule wa kutandika uwanjani ili mpira udunde sawa. Unakaa sebuleni kwangu umeviringishwa, watoto wanaukalia kama benchi. Kila siku ya mechi nautandika mimi alfajiri na kuupigilia misumari, maana ukikunjika mpira humrukia mtu usoni.

Nimempa. Hata kuubeba hadi kwenye gari nimemsaidia, mjinga mimi.

Misumari imebaki kwangu; hakuiulizia. Miaka yote hiyo alikuwa akifika uwanjani anaukuta mkeka umeshapigiliwa.