Mabegi ya Pikipiki Aliyoyachagua Baba

Kibosho,
Moshi.
Jumapili, 9 Juni 2024

Mpendwa kaka Fabian,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Habari za Mbeya, na habari za kazi? Wifi Veronika hajambo? Jesse na Eliona wanaendeleaje na shule? Nimesikia Eliona ameng'oka meno ya mbele. Mwambie shangazi yake anataka picha kabla mengine hayajaota.

Sisi huku wazima. Goti la Baba linamsumbua kukiwa na ukungu, na mwezi huu ukungu hauondoki mpaka saa tano. Ng'ombe amezaa ndama jike. Mimi nina mafua yangu ya kila Juni, hayana jipya.

Nilikupigia mara mbili hukupokea. Najua ukiona namba ya huku unaigeuza simu kifudifudi. Sikulaumu, wala sikusifu. Krismasi tatu zimepita tangu Baba aseme mbele ya ukoo mzima kwamba usikanyage tena kihamba chake, shamba hili la ukoo, kwa sababu ulimng'olea kahawa akiwa amelazwa hospitali ukapanda parachichi. Kila Desemba watu wanapanda kuja kwao na migari yao, na mimi na Baba tunakaa wawili mezani tunatazama nyama inavyobaki. Naandika kwa ajili ya jambo hilo hilo. Ila lina njia yake, na njia yenyewe inapitia kwenye mabegi ya pikipiki. Vumilia kidogo.

Unajua nashuka mjini kila siku kwenda maabara. Pikipiki haina shida, shida ni mzigo. Asubuhi naondoka hapa nimevaa sweta na koti zito, nikifika mjini jua linanisubiri, kwa hiyo vyote viwili lazima vipate pa kukaa. Kuna koti jeupe la kazi, viatu vya ndani, bakuli la chakula na kompyuta. Mwaka mzima nilibeba begi la mgongoni. Mabega yakaanza kuuma, na kwenye yale makorongo ya kwetu begi lilikuwa linanivuta nyuma kama mtu asiyetaka niende kazini.

Fundi mmoja Kiboriloni alitaka kunichomelea boksi la chuma nyuma ya siti. Lina kufuli, halilowi. Lakini uzito wote unakaa nyuma tena juu, na ukipanda mlima gurudumu la mbele linakuwa jepesi. Halafu halitoki. Kompyuta siwezi kuiacha nje kutwa, kwa hiyo ningebeba vitu mkononi vile vile na boksi likabaki kunitazama. Kuna mifuko ya kitambaa ya kutupia juu ya siti, inaning'inia huku na huku. Ule wa mwenzangu kazini uligusa bomba la moshi, ukatoboka na sketi iliyokuwemo. Nikabaki na mabegi ya turubai ya fundi Remigius: mawili, kila moja linashikizwa kwenye fremu yake ya chuma pembeni, mbali na bomba. Unafungua vifungo viwili, unalishika mpini, unaingia nalo ofisini.

Nilimwambia Baba, kumwambia tu. Akasema kinachotoka kirahisi huibwa kirahisi. Jumamosi asubuhi nikamkuta amevaa koti lake la kanisani, amekaa karibu na pikipiki. Hatukuwa tumekubaliana kwenda wote.

Kwa fundi Remigius alituaibisha. Alivuta kila mshono. Akaomba ndoo ya maji akamwagia begi la watu, akangoja, akaingiza mkono ndani kupapasa. Remigius akaniuliza, "Dada, mzee ananunua begi au ananunua ng'ombe?" Baba akamjibu kwamba ng'ombe angekuwa ameshamnunua. Kisha akajaribu mwenyewe kulitoa na kulirudisha, kulitoa na kulirudisha, mara sita nilizohesabu. Akasema, "Haya. Hili linakwenda na linarudi." Tukachukua hayo.

Kipya kinyemi. Tangu siku hiyo mabegi ni ya Baba, mimi nayapeleka tu kazini. Jioni anayatoa, anayafuta tope, anayatundika barazani. Asubuhi anayapanga. Anataka yawe na uzito sawa, la sivyo pikipiki itaegemea upande mmoja. Chini anatandika majani makavu ya mgomba ili bakuli lisigongegonge. Siku moja upande mmoja ulikuwa mwepesi, akaenda nyuma ya nyumba akarudi na parachichi tano. Zile zako. Zimeanza kuzaa mwaka huu. Tukafunga begi.

Jumanne iliyopita, kazini, nikatoa bakuli langu mchana. Kati ya majani makavu kulikuwa na jani moja bichi la isale, limefungwa fundo. Nikadhani Baba amepungukiwa na majani ya mgomba akachuma lililokuwa karibu, si unajua isale imezunguka mpaka mzima? Nikaliweka dirishani na mengine ili nikayatupe. Winfrida, mwenzangu wa Marangu, akaliona.

"Stella, nani amekukosea?"

Nikamwambia hakuna, ni baba yangu anafungia bakuli.

"Isale haifungi bakuli," akasema, na hakucheka.

Nikalirudisha begini. Hata hapo sikuelewa, na sioni aibu kukwambia. Wewe unajua kama mimi: aliyekosa hutuma mtu na isale kwa aliyemkosea, na aliyepelekewa hana ruhusa ya kukataa. Lakini nimezoea kuiona ikitoka kwa mtoto kwenda kwa mzazi. Ikitoka kwa mzazi kuja kwa mtoto sijawahi kuona, wala sijawahi kusikia.

Jioni nilimkuta Baba anakamua ng'ombe. Hakugeuka.

"Umeipeleka?"

"Nipeleke wapi, Baba?"

"Stendi. Si mabegi yako yanapita stendi kila siku? Mabasi ya Mbeya si yapo?"

Nikamwambia imo begini, nimerudi nayo. Akaendelea kukamua mpaka nikadhani maneno yameisha. Halafu akasema, "Mimi nilisema neno kubwa kuliko kosa lenyewe." Akainuka na ndoo yake, akaniuliza kama matairi yana upepo.

Hayo ndiyo maneno yote, sikuongeza wala kupunguza. Angeweza kunipa mkononi na kunieleza, akashindwa, akaificha chini ya chakula changu. Mwanamume wa miaka sabini na minne.

Sasa na mimi niseme langu. Wewe ulikosa, Fabian. Kahawa ile ilikuwa imezeeka, sawa, lakini mtu halazwi hospitali akarudi kukuta mashina yake yamekuwa kuni. Ungemngoja atoke, mkagombana akiwa amesimama. Na Baba alikosa zaidi, kwa sababu alikufukuza mbele ya mkeo na watoto wako, na Jesse alikuwa anaelewa. Mimi nimekaa katikati miaka mitatu. Nimechoka, na nawakumbuka. Meza ni kubwa mno kwa watu wawili.

Shangazi Zita anawasalimu wote, anasema goti la Baba ni kisirani kimeshuka miguuni. Nisalimie wifi, mwambie kitenge alichonipa bado nakivaa. Wabusu watoto.

Isale iko ndani ya bahasha hii, nimeizungushia gazeti. Ncha imekauka kidogo, fundo halijalegea. Kesho nitampa dereva wa basi la Mbeya mkononi, nitamwambia aishike kwa heshima, hata akinitazama kama mgonjwa. Ukiikubali, njia ya nyumbani unaijua. Ukiikataa, usiirudishe kwa basi wala kwa mtu, mimi sitaipokea. Njoo nayo mwenyewe mpaka hapa barazani, umrudishie Baba mkononi, tuone kama utaweza.

Mungu awatunze mlipo, na awe nanyi barabarani.

Wako akupendaye, mdogo wako,

Stella