Pakiti Kwenye Sanduku la Patasi

Jumatatu, 3 Machi
Suruali imepanda tena. Miaka ishirini na tisa, na bado narefuka! Fundi cherehani anasema safari hii ataunga kitambaa. Karakana nzima wananiita Ngongoti, nami nacheka nao. Lakini magoti — leo nimepiga randa fremu moja tu ya mlango, nikakaa.

Jumatano, 12 Machi
Nimeonana na daktari wa homoni. Mama mtu mzima, hana haraka. Picha inaonyesha mifupa yangu haijafunga, kama ya mtoto wa miaka kumi na minne. Mwili wangu umekosa kimeng'enya kimoja, kile kinachogeuza sehemu ya homoni ya kiume kuwa ya kike. Kumbe hata mwanamume anaihitaji hiyo ya kike kidogo! Bila hiyo mifupa haifungi. Mbegu nazo — zangu ni kama hakuna. Ni ya kurithi, nusu ya kasoro kwa baba, nusu kwa mama, wenyewe wazima. Nikamwambia wazazi wangu ni mtu na binamu yake. Akaandika.
Nikauliza habari ya mtoto. Dawa itafunga mifupa, akasema, mtoto hawezi kuniahidi.
Miaka mitano mke wangu anaambiwa tumbo lake ndilo bovu.

Alhamisi, 13 Machi
Vidonge vyenyewe ni vya kike. Pakiti ina picha ya mwanamke anayetabasamu. Mfamasia kauliza, ni vya mama nyumbani? Nikasema ndiyo! Nimevificha kwenye sanduku la patasi, chini ya msasa.

Jumapili, 16 Machi
Mama alikuja. Hata hajavua viatu vizuri, kaanza: ukoo wetu haujapata kuwa na tasa. Mke wangu alikuwa anaosha vyombo, kila neno analisikia. Mwisho wa mwezi mama ataleta wajomba — nioe mwingine au nimrudishe huyu kwao. Nami nikafyata ulimi. Mume gani mimi! Naona haya hata kuandika.

Jumatano, 19 Machi
Sijamwambia. Sijameza hata kimoja. Tunalala mzungu wa nne, kichwa huku miguu kule, asubuhi tunasalimiana kama majirani. Sina wa kumweleza ila daftari hili.

Jumamosi, 22 Machi
Nimerudi, nyumba imefagiliwa, mke wangu anaimba. Miezi mingapi sijamsikia! Akanikalisha. Juzi alitafuta nyundo sandukuni mwangu atundike pazia, akaiona pakiti, akasoma karatasi ya ndani: dawa ya wanawake.
"Umenitafutia dawa, ukaona haya kunipa," akasema. "Nami nilidhani umeshanikatia tamaa."
Akalia, akacheka, akanishika mkono. Ameshameza vitatu.
Nikafungua mdomo nimwambie. Nikasema: "Meza baada ya kula."

Jumapili, 23 Machi
Tumekula. Akaniletea pakiti nimpe mwenyewe, eti kidonge kikitoka mkononi mwangu kitafanya kazi. Nimesema nanawa kwanza. Nimejifungia bafuni na daftari, nimekaa juu ya ndoo, magoti yamenifika kidevuni. Nikisema, nitamtua mzigo wa miaka mitano — na huenda akaniacha, ana haki. Nisiposema, namlisha asiyeumwa dawa ya ugonjwa wangu.
Namsikia anamimina maji. Amegonga, taratibu.
"Mume wangu, vimebaki vingapi? Tusije tukakatiza dozi."
Nimejibu natoka. Pakiti ninayo mkononi. Amekaa chini nje ya mlango, ananingoja.