Bosi Amepokea Simu ya Kampuni Iliyokufa

Laetitia, iko mambo! Cathy ametoka kazini sasa hivi, anacheka na kutema mate.

Mtu wa mfuko wa pensheni alikuja pale kiwandani kwao Greyville. Akasema kampuni za mwenyewe mmoja zinalipiana: moja ikijitoa kwa mfuko na kuacha deni, ingine italipa.

Bosi akaapa eti kampuni ya mashati ilikufa na deni lake, na hii ya mapazia haiijui. Haiijui! Cathy ameshonea zote mbili kwa cherehani moja miaka tisa!

Mgeni akatoa simu yake. Akapiga namba ya kampuni iliyokufa.

Simu ikalia palepale mezani kwa bosi.

Na ule mjinga, kwa mazoea tu, akaipokea: "Delroy Shirts, good morning!"

Good morning, Laetitia!

Cathy akamwambia: "Bosi, kumbe marehemu anapokea simu."